Tundu la Swichi Limjue Mtu

Tangu chumba cha kompyuta kilipounganishwa na ofisi na maktaba kwa mtandao mmoja, maneno yamekuwa mengi hapa shuleni juu ya nani achomeke waya wapi. Mimi ni mmoja wa wanafunzi wanaosaidia katika chumba hicho, nami napenda kutoa maoni yangu.

Swichi ni kisanduku chenye matundu ya kuchomekea waya za kompyuta. Yaweza kugawanywa ikawa kama swichi kadhaa zisizoonana. Kila sehemu huitwa VLAN, nayo hupewa namba yake, kuanzia 1 hata 4094. Hivyo wanafunzi huwekwa katika VLAN yao, na karani mwenye hesabu za karo na alama za mitihani katika yake.

Wengine husema kila tundu lipewe namba moja siku zote: la darasani liwe la wanafunzi, la ofisini liwe la ofisi. Ni rahisi, lakini mimi sikubali. Mwalimu akija darasani na kompyuta yake hazioni alama zake. Na mwanafunzi akikuta mlango wa ofisi wazi saa ya chakula, huchomeka waya wake, mara amekuwa karani! Tundu halina macho.

Dawa yake ni kanuni iitwayo IEEE 802.1X, iliyotolewa mwaka 2001. Tundu hukaa limefungwa mpaka mtu ataje jina lake na neno lake la siri. Swichi haiamui yenyewe, bali huiuliza seva ya RADIUS. Seva ikiridhika, hujibu pamoja na namba ya VLAN ya mtu yule, na swichi hulitia tundu humo. Akichomoa waya, tundu hufungwa tena. Mwalimu basi ni mwalimu popote aketipo, na mwanafunzi vivyo hivyo.

Wako wapendao kuitambua kompyuta kwa anwani yake ya MAC, maana haina neno la siri la kusahauliwa. Lakini anwani hiyo huigwa kwa dakika chache, na wenzangu wajuao hivyo si wachache. Njia hiyo waachiwe printa kuukuu zisizoijua 802.1X, nazo ziwe katika VLAN ya peke yao, yenye ruhusa chache.

Linalonitia wasiwasi ni seva yenyewe. Umeme ukikatika nayo isiamke, hakuna wa kujibu, na kwa haraka mtu atataka kuyafungua matundu yote. Hasha! Swichi nyingi zaweza kuamriwa mapema kwamba seva ikinyamaza, tundu liingie VLAN finyu, yenye vitabu vya maktaba tu. Afadhali karani angoje nusu siku kuliko alama zetu kuwa wazi kwa kila mpita njia.

Nanyi wanafunzi wa zamani, mkija kututembelea mtawekwa katika VLAN ya wageni; msikasirike. Bali kama mmoja wenu anayo kompyuta kuukuu isiyo na kazi, yatosha kabisa kuwa seva ya pili.