MASOMO NYUMBANI: Kuzidisha Kunakopunguza

Mtoto wa darasa la tano apewapo hesabu ya 12 zidisha kwa 3/4, huenda akafuata kanuni vizuri, akapata 9, kisha akalitazama jibu lake kwa mashaka na kulifuta. Badala yake huandika 16, kwa kuwa moyoni anaamini ya kwamba kitu kilichozidishwa hakiwezi kuwa kidogo kuliko kilivyokuwa. Mzazi aketiye karibu naye humkemea kwa uzembe. Kumbe mtoto huyo si mzembe hata kidogo. Anashika kwa uaminifu jambo alilofundishwa tangu alipoanza shule.

Katika madarasa ya chini kuzidisha hufundishwa kwa njia ya kujumlisha vitu vilivyo sawa. Safu 3 za askari, kila safu watu 4, ni askari 12. Mafungu 5 ya nyanya, kila fungu nyanya 6, ni nyanya 30. Hayo ni mafundisho sahihi, nayo yaafikiana na methali isemayo haba na haba hujaza kibaba. Neno lenyewe la Kiswahili humthibitishia mtoto imani yake, maana kuzidisha ni kukifanya kitu kizidi. Hata neno la Kiingereza alisikialo shuleni, asili yake ni kufanya vitu viwe vingi. Taabu huanza siku inapoingia robo tatu, kwani hakuna gwaride lenye robo tatu ya safu. Mtoto hubaki na kanuni ya juu kwa juu na chini kwa chini, asijue inatoka wapi wala inampeleka wapi.

Yampasa basi kuonyeshwa maana ya pili ya kuzidisha, yaani kubadili ukubwa wa kitu kwa kadiri maalumu. Katika nyumba ya askari mfano wa jambo hili haupatikani mbali. Ramani yenye kipimo cha 1:50,000 imetengenezwa kwa kuzidisha kila urefu wa ardhini kwa 1/50,000. Barabara iliyonyooka ya kilometa 3, ambazo ni sentimita 300,000, huwa sentimita 6 juu ya karatasi. Mlima haukuondolewa, wala mto haukukatwa kipande. Vyote vimepungua kwa kadiri moja, na kwa sababu hiyo askari aweza kuiamini ramani yake. Hapo mtoto huona kwa macho kuzidisha kunakopunguza.

Baada ya ramani, mzazi na akate ukanda wa karatasi wenye urefu wa sentimita 12. Ukizidishwa kwa 2, mtoto huchora mstari wa sentimita 24. Ukizidishwa kwa 1, mstari hubaki 12. Ukizidishwa kwa 1/2, hukunjwa mara moja na kuwa 6. Kwa 3/4 ukanda hukunjwa sehemu nne zilizo sawa, kila moja sentimita 3, na mtoto huchukua sehemu tatu. Jibu ni 9, na sasa analiona mkononi. Kisha ajaribu 5/4: sehemu nne za ukanda wote pamoja na sehemu moja zaidi, nazo ni sentimita 15.

Jaribio hilo la mwisho lisiachwe, kwa maana watoto wengine hutoka katika kosa moja na kuingia katika lingine, wakadhani ya kwamba kila sehemu hupunguza. Mpaka ni namba 1. Kuzidisha kwa kilicho zaidi ya 1 hukuza. Kuzidisha kwa 1 huacha kitu kama kilivyo. Kuzidisha kwa kilicho chini ya 1 hupunguza. Kwa hiyo, kabla mtoto hajashika kalamu, aulizwe swali moja tu: jibu litakuwa kubwa kuliko namba ya kwanza, sawa nayo, au dogo? Nchini Marekani, mwongozo wa masomo ya hesabu uliotolewa mwaka 2010 uliliweka jambo hili katika darasa la tano, mtoto alinganishe ukubwa wa jibu kabla ya kukokotoa. Swali hilo halihitaji kitabu wala ada, na mama aweza kuliuliza huku akikoroga posho.

Kuna mahali ambapo elimu hii yaweza kuokoa maisha, napo ni jikoni. Mtoto mchanga akishikwa na kuhara, na pakiti ya dawa ya maji ya chumvi na sukari haipatikani, mchanganyiko wa nyumbani ujulikanao ni lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote viwe vimesawazishwa juu. Baba yuko zamu, mama amempakata mgonjwa, na aliyetumwa kuchanganya ni mtoto mkubwa. Chupa aliyo nayo ni ya nusu lita.

Asiyejua kubadili kadiri hufikiri hivi: maji yamepungua nusu, basi na apunguze nusu kijiko katika kila kitu. Atatia sukari vijiko 5 na nusu, na chumvi hatatia kabisa. Mwingine atapunguza maji peke yake na kuacha chumvi kama ilivyokuwa. Mchanganyiko wake utakuwa na chumvi maradufu, na chumvi nyingi mno humdhuru vibaya mtoto mgonjwa. Aliyefundishwa kwa ukanda wa karatasi atazidisha vyote kwa 1/2: sukari vijiko 3, chumvi robo ya kijiko. Chombo kikiwa cha lita 1 na nusu, atazidisha vyote kwa 3/2: sukari vijiko 9, chumvi robo tatu ya kijiko. Pakiti ya hospitali ikipatikana, hiyo ndiyo bora, nayo ichanganywe yote pamoja kwa maji yaliyoandikwa juu yake. Isigawanywe kwa kukisia. Na mgonjwa apelekwe kwa mganga upesi ikiwa hali haibadiliki.

Mfano huu wafaa kurudiwa siku ambazo hakuna mgonjwa, kwa mambo yasiyo na hatari. Chapati za kilo 1 ya unga zipikwe kwa robo tatu ya kilo, na mtoto ndiye aseme maji, mafuta na chumvi vipungue kiasi gani. Akikosea, chapati zitamwambia.

Wazazi wengine huogopa kufundisha hesabu kwa kuwa wao wenyewe hawakufika mbali darasani. Hofu hiyo haina msingi. Mama apimaye chumvi ya sufuria ndogo baada ya kuizoea kubwa, na fundi akataye shati la mtoto kwa mfano wa shati la baba yake, wote wamekuwa wakizidisha kwa sehemu miaka yote. Lililobaki ni kuyasema mbele ya mtoto yale ambayo mikono imekwisha kuyajua, ili siku ya mtihani apatapo 9 kutoka 12, asilifute jibu lake.