Lipa kipimo kabla ya kulipa matengenezo

Wauzaji wenzangu, mwezi uliopita nusura nile mtaji wa mzigo mzima kwa sentensi moja ya fundi: "Hapo gasketi ya silinda hedi imekufa."

Gari yangu ya kupelekea oda ni ya mwaka 2003. Ilikuwa inakula kulanti kila siku, na chini haidondoshi kitu. Fundi akataka laki sita afungue injini. Nikamwambia, kaka, pima kwanza.

Injini ikiwa imepoa (rejeta ya moto usiifungue kamwe, itakuunguza), akafunga pampu ya kupimia na kujaza presha iliyoandikwa kwenye mfuniko. Mshale ukaanza kushuka. Kumbe wota pampu inavuja! Injini ikiwa moto, maji yalikuwa yanakauka kabla hayajafika chini.

Sikatai, gasketi huwa zinakufa. Dalili ni moshi mweupe usiokata hata injini ikishapata moto, oili kuwa kama chai ya maziwa, mapovu kwenye rejeta, gari kuchemsha. Lakini hata hapo thibitisha: ipo dawa ya bluu inayogeuka njano ikikutana na gesi ya injini ndani ya rejeta. Ikigeuka, paki gari. Usilazimishe hata oda moja, hedi ikipinda utalia.

Mzigo huagizi bila kuona sampuli. Sasa ugonjwa wa gari kwa nini uulipie bila kuonyeshwa?