TAZARA mpya: sisi rangi, shangazi magunia!

Leo sina habari za mapenzi wala za nani kamchukua nani. Leo ni treni tu, maana kijiweni kwetu hapa Mafiati, tangu dili la TAZARA litangazwe, hata Simba na Yanga zimewekwa pembeni. Ubishi ni mmoja: relwe ikishakarabatiwa itakuwaje?

Nianze na yaliyo wazi, usije ukasema nakufunga kamba. Tarehe 29 Septemba 2025, kule Lusaka, ulisainiwa mkataba wa kuikabidhi reli hiyo kwa kampuni ya Kichina ya CCECC kwa miaka 30, iikarabati na kuiendesha. Pesa inayotajwa ni dola bilioni 1.4. Novemba mwaka huo huo kazi ikazinduliwa, huko huko Lusaka. Basi, kasheshe ikaanzia hapo!

Kijiwe kimegawanyika makundi matatu. Kundi la kwanza ni la rangi. Jamaa mmoja fundi simu anaapa kwa jina la mama yake kuwa mabehewa yatakuwa mekundu na ndani kutakuwa na viyoyozi. Nani kamwambia? Hasemi. Akibanwa anaagiza kahawa nyingine.

Kundi la pili ni la umeme. Hawa wameshapanda ile treni ya SGR ya Dar es Salaam na Dodoma iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, sasa wanataka na Mbeya iwe hivyo hivyo, uondoke Dar asubuhi, jioni uko Iyunga unakula ndizi. Hao walinyamazishwa na mzee mmoja mstaafu wa relwe. "Wajukuu zangu," akasema, "reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1,067, sawa na ya Zambia na nchi za kusini. Ndiyo maana behewa likitoka Dar linafika Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, na linaweza kuendelea mbele. SGR ni milimita 1,435. Ukibadili upana, mzigo utashushwa mpakani upakiwe upya. Huo si ukarabati, hiyo ni reli nyingine."

Kimyaaa! Muuza kahawa peke yake ndiye aliyecheka.

Kundi la tatu ni langu mimi, na kauli mbiu yetu ni moja: kona zisiguswe! Kama hujawahi kupanda treni kati ya Makambako na Mlimba, wewe bado hujatembea. Reli imeanzia Dar kule usawa wa bahari, inapanda mpaka karibu mita 1,800 pale Uyole. Sehemu ngumu ya kupanda ndiyo hiyo, na mahandaki mengi ya reli nzima yako hapo. Unaingia gizani, watoto wanapiga mayowe, unatoka kwenye jua, chini kuna bonde ambalo mwisho wake huuoni. Halafu giza tena! Daraja la Mto Mpanga limesimama juu ya nguzo za mita 50 hivi. Usiombe ukachungulia umetoka kula.

Washkaji zangu wa Iringa, maana mimi mwenyewe ni mtoto wa Kihesa, huwa wananibishia. Wanasema Mlima Kitonga ndiyo kiboko, basi likikata zile kona mpaka konda anashika dua. Sikatai. Lakini Kitonga unamtegemea dereva, na kwenye treni unakaa dirishani na mhindi wako wa kuchoma, umetulia.

Tena hatuko peke yetu. Uingereza kuna rola kosta, yale matreni ya kuchezea yanayobiringisha watu juu chini, inaitwa Nemesis, iko Alton Towers tangu 1994. Novemba 2022 waliifunga, wakabadilisha karibu reli yake yote. Mashabiki wa huko nao wakawa kama sisi, kila siku kubuni: itakuwa rangi gani, watagusa kona? Machi 2024 ikafunguliwa. Reli mpya, rangi mpya, njia ile ile. Nikaisoma habari hiyo kijiweni kwa sauti, nikajiona nimeshinda kesi.

Sasa msomaji, hapo ndipo nilipopata somo. Nikampigia simu shangazi yangu wa Makambako nimsimulie ushindi wangu. Huyu ndiye aliyenisomesha. Nilipokuwa sekondari yeye alikuwa akipakia viazi na maharage kwenye treni, anashuka navyo Mlimba, anarudi na mchele na ndizi. Likizo nilikuwa nabeba magunia, ndiyo maana mahandaki yale nayajua. Ada yangu yote ya mpaka kidato cha nne ilipita mle ndani.

Nikamweleza habari za rangi, za kona, za Uingereza. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Rangi hainihusu, mwanangu. Wameuliza magunia yangu yatakaa wapi?"

Nikakosa jibu, nikasingizia mtandao.

Nimelala naliwaza hilo swali. Reli hii ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba, Zambia ipate njia ya baharini bila kuwapigia magoti makaburu wa kusini. Wachina zaidi ya 60 walifia kazini, na Watanzania na Wazambia wengi walimwaga jasho. Ikaitwa Reli ya Uhuru. Ilipokabidhiwa Julai 1976 ilikuwa ya shaba, kweli, lakini ilikuwa pia ya mama mwenye kikapu. Kuna vijiji huko mabondeni ambavyo kituo cha treni ndicho stendi yao, barabara ni ya kubahatisha.

Mzigo ulishuka mpaka chini ya tani laki moja mwaka wa fedha 2014/15, kwa hiyo ukarabati ni lazima, hapo sina ubishi. Lakini mtu haleti dola bilioni 1.4 kwa ajili ya viazi vya shangazi. Anaangalia shaba ya Zambia na Kongo. Ni biashara yake, simlaumu. Ila shaba haina mdomo wa kuomba nafasi na bado itapata. Shangazi ana mdomo, na sisi wenye kalamu na vijiwe tunabishania viyoyozi!

Basi juzi nikarudi Mafiati na hoja mpya: daraja la tatu litabaki? Nauli itakuwa ya nani? Magunia je? Fundi simu akanywa kahawa yake polepole, akasema, "Hata bibi yangu anapandaga hiyo." Kumbe!

Kona zisiguswe, msimamo wangu ni ule ule. Lakini kwanza shangazi apate pa kukaa, na gunia lake miguuni. Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.