Kusi likivuma, mzamiaji wa Pwani atazame Chala

Kusi limeshika. Kuanzia Shimoni hadi Watamu boti nyingi za kuzamia zimepandishwa nchi kavu, maji yamechafuka, na vijana wanaokula kwa kuwashusha wageni chini ya bahari wako barazani wanangoja kaskazi. Ndivyo ilivyo kila mwaka, Mei hadi Agosti. Serikali inapotuhubiria uchumi wa buluu husema kana kwamba buluu ni bahari pekee, na bahari nayo ina miezi yake ya kufunga mlango.

Wageni nao huniuliza. Mtu anakwenda bara wiki nzima kutazama ndovu, begini ana miwani na mapezi yake, anataka kujua kama huko kuna maji ya maana ya kuzamia. Wengi wetu humjibu mara moja kwamba hakuna. Kwa sehemu kubwa ni kweli. Lakini kuna pahali pamoja tunaparuka, na pahali penyewe wala si bara ya watu wengine.

Kwanza niyatoe yale yasiyofaa. Ghuba ya Winam, Kisumu, usijisumbue: tope, mwani, gugumaji, na kichocho juu yake. Naivasha ni viboko na maji ya kijivu. Turkana ina mamba wengi mno, maji yake yana magadi na upepo wake haupumziki. Anayetaka samaki wa rangi wa maji matamu, mwambie ukweli, avuke mipaka: Ziwa Malawi, kule Cape Maclear na Nkhata Bay, kuna shule za kuzamia na samaki wa mamia ya aina wasiopatikana kwingine. Ziwa Tanganyika upande wa Kigoma nalo ni safi. Huko pia kichocho kipo, kwa hivyo akirudi apimwe na ameze dawa.

Kisha Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi. Maji yale yanachujwa na mawe ya volkano ya Chyulu yakatoka meupe kama kioo, na ndiyo yayo hayo tunayoyanywa Mombasa kupitia bomba la miaka ya 1950, siku ambazo mfereji unatoa kitu. Alan na Joan Root walizamia pale kupiga filamu ya viboko, na kiboko mmoja akamng'ata Alan mguu. Mgeni wa kawaida haingii majini. Kuna chumba chenye madirisha chini ya maji, unasimama ndani mkavu ukitazama samaki wakipita. Mimi naona ni sawa kabisa. Si kila maji mazuri ni ya kuingiwa.

Linabaki Ziwa Chala. Ni ziwa la kreta chini ya Kilimanjaro, kilomita chache kaskazini mwa Taveta, na mpaka wetu na Tanzania umepita katikati yake. Ukubwa wake ni kilomita mraba nne na kidogo, kina chake kinafika takriban mita 90. Halina mto mkubwa unaoliletea tope. Linalishwa zaidi na maji yanayopita chini ya ardhi kutoka mlimani. Nilipokwenda Taveta arusini nilipanda ukingoni nikalitazama kutoka juu: buluu iliyoiva, kuta za mawe pande zote, na njia ya miguu ya kuteremkia. Nikajiambia, hii ni kaunti ya Pwani. Taita Taveta ni mmoja wa sita wetu, tunaukumbuka wakati wa mikutano ya magavana na kuusahau wakati wa kupanga utalii.

Sasa mbona hatupeleki watu? Sababu ya kwanza ni mamba. Mwaka 2002 msichana Mwingereza wa miaka 18 aliuawa na mamba akiogelea mle. Wenyeji wengine watakwambia mamba wamekwisha, wengine watakwambia yuko mmoja mkubwa. Mimi simshushi mtoto wa mtu majini kwa neno la barazani. Shirika la Wanyamapori lifanye hesabu ya usiku kwa tochi, zaidi ya mara moja, litoe jibu kwa maandishi.

Ya pili ni mwinuko, na hapa ndipo hata wazamiaji wetu hodari wanaweza kuteleza, kwa kuwa wamezoea kuanzia usawa wa bahari. Chala iko takriban mita 880 juu. Hewa ya pale ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi, kwa hivyo naitrojeni iliyoingia mwilini hutoka kwa fujo zaidi unapopanda. Mita 18 za Chala zihesabu kama mita 20 za Diani. Kompyuta nyingine za mkononi hujirekebisha zenyewe, nyingine mpaka uziambie. Risasi za kiunoni nazo hupungua, maana maji matamu hayakubebi kama ya chumvi: mtu na vyombo vyake wakifika kilo 100, atoe kama kilo mbili na nusu.

Hili la mwinuko lina upande wa pili ambao ni wa haraka zaidi. Mgeni anazamia Diani asubuhi mara mbili, jioni anapanda treni kwenda Nairobi, mita 1,700 hivi juu. Hajapanda ndege, basi anajiona salama. Mwili haujui treni wala ndege, unajua hewa imepungua. Kanuni ya ndege ni kungoja saa 12 baada ya mbizi moja na 18 baada ya mbizi kadhaa. Mimi humwekea msafiri wa treni masaa hayo hayo. Chumba cha kutibu maradhi ya mgandamizo kiko Mombasa, na kutoka Taveta hadi Mombasa ni kilomita kama 250. Kwa hivyo Chala bila mitungi ya oksijeni pale ukingoni na gari la tayari isifunguliwe.

Ya tatu ni samaki wenyewe. Mle muna ngege ambaye haishi ziwa jingine lolote duniani, na amekwisha bughudhiwa na ngege wa kuletwa. Vyombo vilivyotoka ziwa jingine vioshwe na kukaushwa kabla ya kuguswa maji yale.

Utauliza, taabu yote hii ya nini kwa wageni wachache? Si kwa wageni peke yao. Desemba 2021 basi lililobeba wanakwaya lilipozolewa na Mto Enziu, kule Mwingi, watu zaidi ya 30 walikufa, na wazamiaji wa Jeshi la Wanamaji wakapelekwa huko kutafuta maiti. Kila bwawa au mto wa bara unapomeza mtu, jamaa hukaa kingoni siku baada ya siku wakingoja mzamiaji atoke mbali. Na maji yale si ya matumbawe: ni giza, tope, kamba na magogo. Hufundishwi hayo Kisite. Vijana wetu wana ujuzi wa kuanzia, na miezi minne hawana kazi. Wakipata darasa la maji matamu na la mwinuko, pamoja na vijana wa Taveta ambao leo wakilizungumzia ziwa lao wanazungumzia uvuvi tu, kaunti za bara zingekuwa na mtu wa kumpigia simu.

Kwa hivyo ombi langu kwa Jumuiya ya Kaunti za Pwani ni dogo. Kusi hili hili, kabla ya kunadi Chala kwa watalii, walipe hesabu ya mamba, wakae na wenzetu wa Rombo ng'ambo ya pili ili mtu asikamatwe na uhamiaji kwa kupiga mapezi mara mbili zaidi, na waandike mapema fungu la ada litakaloingia mikononi mwa wanaoishi ukingoni. Wazee wa Taveta waitwe kwenye kikao hicho cha kwanza, si cha tatu.