Magari Madogo Yenye Paa la Juu: Umri wa Gari Huamua Gharama Kuliko Ukubwa wa Injini

Kila mwezi Juni, Waziri wa Fedha anapowasilisha bajeti bungeni jijini Dodoma, familia zinazojiwekea akiba ya kununua gari husubiri kwa hamu sehemu inayohusu ushuru wa magari yanayotoka nje. Viwango vinavyopitishwa huanza kutumika tarehe 1 Julai. Kwa hiyo gari lililoagizwa Japani mwezi Mei linaweza kufika Bandari ya Dar es Salaam likakutana na hesabu tofauti na ile aliyoifanya mnunuzi siku ya kulipa.

Miongoni mwa magari yanayofikiriwa na familia za kipato cha kati ni yale mafupi kwa urefu lakini yenye paa lililonyanyuka na, mara nyingi, milango ya nyuma inayoteleza pembeni. Raum na Sienta za Toyota zimekwisha kuzoeleka mitaani. Toyota Roomy, iliyoingia sokoni Japani Novemba 2016, ina urefu wa meta 3.7 tu na kimo cha takriban meta 1.73. Mzee mwenye maumivu ya magoti huingia bila kuinama sana, na mama aliyebeba mtoto hufungua mlango katika maegesho ya Kariakoo bila kugonga gari la jirani. Hayo ni manufaa ya kweli. Hata hivyo, matangazo ya wauzaji hutaja zaidi jambo jingine, yaani injini ndogo isiyovutia kodi kubwa, na hapo ndipo hesabu inapohitaji kuangaliwa upya.

Kwa viwango ambavyo Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) imekuwa ikivitumia kwa miaka kadhaa, gari la abiria hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha ushuru wa bidhaa kulingana na injini: asilimia sifuri kwa injini isiyozidi cc 1,000, asilimia 5 kwa injini inayozidi hapo hadi cc 2,000, na asilimia 10 juu ya hapo. Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 hutozwa juu ya jumla hiyo. Lakini upo ushuru mwingine wa bidhaa, ule ambao wananchi wameuzoea kwa jina la uchakavu. Huanza gari linapofikisha miaka 8 tangu kutengenezwa, kwa asilimia 15, na hupanda hadi asilimia 30 kwa gari lililovuka miaka 10.

Chukulia, kwa mfano, gari la miaka 7 lenye injini ya cc 996 ambalo thamani yake, pamoja na bima na nauli ya meli, ni shilingi 10,000,000. Ukiacha tozo ndogondogo, kodi zake hufikia shilingi 4,750,000. Gari la umri na thamani hiyohiyo lenye injini ya cc 1,500 hulipiwa shilingi 5,487,500. Tofauti iliyoletwa na injini haifiki shilingi 740,000. Sasa lirudie gari la kwanza, injini ileile ndogo, ila likiwa na umri wa miaka 12: kodi hupanda hadi shilingi 9,175,000.

Muuzaji atajibu kwamba gari kuukuu hununuliwa kwa bei ya chini, na ni kweli. Basi tuseme gari la miaka 12 lenye cc 1,500 lina thamani ya shilingi 7,000,000. Likishalipiwa kodi linamfikia mnunuzi kwa shilingi 13,938,750, wakati lile jipya zaidi la shilingi 10,000,000 linafika kwa shilingi 14,750,000. Unafuu wa shilingi milioni tatu ulioonekana kwenye tangazo umebaki shilingi 811,250 tu, kiasi ambacho matengenezo ya gari la miaka 12 yanaweza kukimaliza mapema. Ikumbukwe pia kwamba TRA ina mfumo wake wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika, uliowekwa kwenye tovuti yake. Bei iliyoandikwa kwenye ankara, hasa ikiwa ya chini mno, haiamui kodi peke yake. Ni busara kuingia kwenye mfumo huo kabla ya kutuma fedha.

Upande wa vipuri hauna shida kubwa. Roomy hutumia injini ya familia moja na ile ya Passo na Vitz ya cc 1,000, ambayo mafundi wengi wanaifahamu, na Sienta za kizazi cha kwanza zina injini ileile ya IST na Raum ya kizazi cha pili.

Kinachohitaji uangalifu zaidi ni safari zenyewe. Roomy isiyo na taba ina nguvu-farasi 69 na uzito unaozidi kilo 1,000 hata kabla ya abiria kupanda. Ndani ya jiji inatosha. Katika mlima wa Kitonga, ikiwa na watu wazima watano na mizigo ya sikukuu, dereva atalazimika kupanda polepole na kutojaribu kuyapita malori. Sienta ya viti saba hubeba watu zaidi, lakini safu ya tatu ikitumika, nafasi ya mizigo karibu inaisha. Wengi huitafuta nafasi hiyo juu, kwenye keria. Huo ni uamuzi mbaya kwa gari la aina hii: lina kimo kirefu juu ya msingi mwembamba, na mzigo mzito wa paani huliongezea uwezekano wa kuyumba kwenye kona na upepo wa pembeni.

Lipo pia suala la usalama ambalo halionekani kwa macho. Roomy hutengenezwa na Daihatsu. Desemba 2023 kamati huru nchini Japani ilibaini kasoro 174 za udanganyifu katika majaribio ya kampuni hiyo, zikigusa aina 64 za magari, yakiwamo yanayouzwa kwa nembo ya Toyota, na kampuni ikasitisha kwa muda usafirishaji wa magari yake yote. Serikali ya Japani ilifanya ukaguzi wake na kuruhusu aina nyingi ziendelee. Kwa magari ya miaka ya nyuma zaidi, ya kampuni mbalimbali, hofu ni mifuko ya hewa ya Takata, ambayo kemikali yake huharibika kwa joto na unyevunyevu wa muda mrefu na inaweza kurusha vipande vya chuma inapofunguka. Hali ya hewa ya Tanga, Dar es Salaam au Mtwara ndiyo hasa inayoongeza hatari hiyo.

Gari lililoitwa kiwandani Japani kwa marekebisho linaweza kuuzwa nje kabla ya kurekebishwa. Tovuti za watengenezaji huruhusu mtu yeyote kuingiza namba ya chasisi na kuona iwapo lina marekebisho yanayodaiwa. Mnunuzi anapaswa kuidai namba hiyo kwa muuzaji kabla ya malipo ya awali, pamoja na karatasi ya mnada inayoonyesha kilomita zilizotembewa, na ikiwa gari lina mlango wa umeme, video inayoonyesha mlango huo ukifunguka na kufunga.