Msiyachome: Wito kwa Watu wa Mlimani na wa Mjini

Ndugu zangu wa Mgeta na Matombo, wa Kilakala na Kihonda, na ninyi wa Dar es Salaam mnaokula kabichi zetu na kunywa maji ya Mto Ruvu, nina ombi moja. Nalitoa sasa, kabla ya vuli, kwa sababu huu ndio msimu wa viberiti. Kiangazi kikikolea, ukisimama mjini Morogoro ukatazama juu, huchelewi kuona moshi kwenye miteremko ya Uluguru. Mabua, magugu, majani makavu ya migomba, vyote vinateketezwa ili shamba liwe safi. Nasi wa mjini hatuna la kujivunia. Asubuhi tunafagia ua, tunakusanya majani ya mwembe pembeni, kisha tunayawasha. Tuache, ndugu zangu.

Simlaumu anayechoma. Moto hauhitaji kibarua, na jivu lina faida yake, kwani mahindi ya msimu wa kwanza hustawi juu yake. Shida ni misimu inayofuata.

Kila kinachoishi Uluguru kinategemea vitu viwili vyenye tabia tofauti kabisa: nishati na virutubisho. Nishati hupita. Jani hunasa sehemu ndogo tu ya mwanga wa jua na kuigeuza kuwa chakula. Panzi hula jani, kinyonga humla panzi, mwewe humnyakua kinyonga, na katika kila hatua ni kama sehemu moja tu kati ya 10 inayoingia katika mwili wa mlaji. Iliyobaki huishia kwenye kupumua, kutembea na kinyesi, na mwisho wake ni joto linalopotelea angani. Mmarekani Raymond Lindeman alipiga hesabu za namna hii katika ziwa dogo la Minnesota, akazichapisha mwaka 1942. Ndiyo maana panzi hawahesabiki na mwewe ni wa kutafuta kwa macho. Joto hilo halirudi, wala hatuna sababu ya kulililia, maana kesho jua litachomoza tena na halitudai hata senti.

Virutubisho havina jua lao. Fosforasi hutoka kwenye miamba, na mwamba hauna haraka. Naitrojeni imejaa hewani, lakini mmea hauwezi kuila ilivyo. Hungoja bakteria, wakiwamo wale wa kwenye vinundu vya mizizi ya kunde, maharage na mbaazi. Kwa hiyo kilichopo lazima kizunguke, kutoka udongoni hadi kwenye jani, kutoka kwenye jani hadi kwa mnyama, kisha udongoni tena.

Anayetaka kuona mzunguko huo ukifanya kazi aingie kwenye Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyotangazwa mwaka 2008. Kwenye miteremko ya mashariki mvua huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Maji hayo yangetosha kusomba rutuba yote hadi Bahari ya Hindi, lakini msitu umesimama kwa maelfu ya miaka bila mfuko mmoja wa mbolea. Fukua kidogo majani yaliyooza utaona sababu. Kuvu, bakteria, mchwa, jongoo na minyoo wanavunjavunja kilichoanguka, na mizizi midogo iliyotandaa karibu na uso wa ardhi inakidaka kabla maji hayajakichukua. Sehemu kubwa ya mali ya msitu imo ndani ya viumbe wenyewe na katika tabaka hilo jembamba la juu. Anayefyeka akidhani amepata shamba la kudumu huvuna misimu michache tu, kisha hutazama tena mpaka wa hifadhi kwa tamaa.

Sasa tazameni kazi ya kiberiti. Naitrojeni iliyokuwa kwenye mabua hupaa na moshi, sehemu yake kubwa. Fosforasi na potasiamu hubaki katika jivu, jivu limelala juu ya udongo ulio uchi, na mvua ya kwanza ya vuli hulisukuma hadi mtoni. Kwa upande wa mjini safari inaishia Bwawa la Mindu, tunakochota maji ya kunywa. Tope linapunguza kina cha bwawa, na virutubisho vinalisha mwani. Rutuba iliyomtoroka mkulima inakuwa gharama ya anayefungua bomba.

Udongo uchi una hatari nyingine, na wazee wa Mgeta wanaikumbuka. Februari 1970 mvua ya takribani milimita 100 ilishuka kwa saa chache, milima ikamomonyoka mahali zaidi ya 1,000. Watafiti walipofuatilia walikuta karibu maporomoko yote yameanzia mashambani na malishoni. Ndani ya msitu yalikuwa machache mno.

Najua kuna atakayeguna kwamba maneno haya tumeshayasikia. Ni kweli, na mara ile yalikuja kwa amri. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba makinga maji ya ngazi. Kwenye udongo mwembamba wa mlimani kazi hiyo iliinua udongo wa chini usio na rutuba, mazao yakadhoofu, na mwaka 1955 watu wa Uluguru wakakataa hadharani. Polisi walitumwa, mtu mmoja akauawa huko Matombo, na mradi ukafa. Kwa maoni yangu wakulima wale walikuwa na haki, kwa sababu walilijua shamba kuliko bwana shamba aliyetumwa kuwafundisha. Walikuwa na njia yao, na hadi leo iko Mgeta. Unapanga magugu na masalia ya mazao kwa mstari unaokingama na mteremko, kisha unavuta udongo kutoka juu na kuyafunika. Ngazi ndogo inajitengeneza, na ndani yake yanaoza majani ambayo mwingine angeyachoma. Hiyo ndiyo ninayoiombea irudi kwenye mashamba ilikosahauliwa, pamoja na kunde kati ya mahindi na samadi ya mbuzi wa maziwa. Wajomba mnaosimamia ardhi ya ukoo, neno lenu hapa lina uzito kuliko tangazo lolote la halmashauri.

Lakini mlima hauwezi kujirudishia peke yake wakati mjini tunapokea tu. Piga hesabu ya lori moja la tani 10 za kabichi linaloshuka kutoka Nyandira. Tani moja ya kabichi ina takribani kilo 2 za naitrojeni. Lori zima lina kilo 20, karibu sawa na mfuko mmoja wa urea wa kilo 50. Mkulima amelipwa kabichi, mfuko hakulipwa. Majani ya nje yanabanduliwa Soko Kuu la Chifu Kingalu au Kariakoo na kwenda dampo, yamechanganyika na plastiki, huku mkulima akirudi dukani kununua kwa fedha kile kile kilichoshuka na lori.

Wafanyabiashara wa sokoni, mama ntilie, wenye magenge, tenganisheni. Chombo kimoja cha maganda na majani, kingine cha plastiki na chupa. Viongozi wa soko watafute mahali pa kuozeshea, na gari linaloshusha mboga lipandishe viroba vya mboji. Chuo Kikuu cha Sokoine kipo hapa hapa mjini, na maafisa ugani wapo kwenye kata. Wabisheni hodi wakiwa ofisini, msingoje Nanenane ijayo.

Mboji inahitaji kama miezi mitatu kuiva. Lundo litakaloanzishwa wiki hii kwa majani ya mwembe, samadi kidogo na maji ya kuliweka unyevu, halitawahi mwanzo wa vuli, ila kwa masika litakuwa limeshaiva. Liwekeni kivulini, ligeuzeni mara kwa mara, na kwenye mkutano ujao wa mtaa au kijiji ulizeni kwanza swali hili: nani ana nafasi ya lundo la pamoja, na nani atakuwa na ufunguo wake?