Mpira si Chanjo

Wiki mbili zilizopita walinijia nyumbani, hapa Ifakara, vijana wanne wa kamati ya michezo. Waliniamkia kwa adabu, wakakaa barazani, wakanywa chai, na baada ya kuzungusha maneno kidogo mkubwa wao akasema, "Mwalimu, tumekusudia kuanzisha bonanza la mpira la kumkumbuka marehemu." Nilifurahi, sitaficha. Mzazi aliyefiwa hufurahi kusikia kwamba mtoto wake bado anatajwa na watu wasiokuwa ndugu zake. Kisha kijana yule akakunjua karatasi yenye mfano wa kitambaa kitakachotundikwa uwanjani. Juu palikuwa na jina la mwanangu. Chini yake yaliandikwa maneno haya: MICHEZO NI KINGA DHIDI YA DAWA ZA KULEVYA.

Niliwaomba wanipe muda wa kufikiri. Nimefikiri, na haya ninayoandika ndiyo niliyoyafikiri.

Ndugu msomaji, mwanangu alizaliwa mwaka 1989. Mtibwa Sugar walipochukua ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999, wakaurudia mwaka 2000, yeye alikuwa mtoto wa miaka kumi, na ushindi ule wa timu ya mkoa wetu wa Morogoro ulimwingia kichwani kuliko hesabu nilizokuwa nikimfundisha. Timu ya wakata miwa! Kwa mtoto wa bonde la Kilombero, anayeyaona mashamba ya miwa ya Kidatu kila apandapo basi, hiyo ilikuwa na maana kwamba ubingwa si mali ya Simba na Yanga peke yao. Alicheza mpira wa makaratasi, akacheza UMITASHUMTA, akacheza UMISSETA. Wakati wa mavuno ya mpunga nilimpeleka shambani kulinda ndege, nikirudi namkuta ameweka milingoti miwili ya matete na kuwapigia ndege mikwaju. Alikimbia, aliogelea, alirusha hata mkuki. Kama michezo ingekuwa kinga, basi mtoto yule alikunywa kinga hiyo kwa ndoo.

Mwaka 2008 alikwenda Dar es Salaam kujaribu bahati. Alisajiliwa na timu moja ya daraja la chini, ambayo sitaitaja, na mapato yake makubwa yalitoka kwenye ndondo, yaani mechi za mitaani ambazo mchezaji hulipwa papo hapo kwa siku. Mwaka uliofuata goti lake la kulia lilivunjika kano katika mojawapo ya mechi hizo. Timu yake ilisema hakuumia akiwa kazini kwao. Waliomwita kwenye ndondo walimpa fedha ya teksi. Nami mshahara wangu wa ualimu haukutosha upasuaji, nikamtumia kidogo nilichokuwa nacho, nikamwandikia maneno mengi ya kumtaka avumilie.

Alivumilia pale maskani, pamoja na wenzake ambao nao walikuwa wanasubiri kuitwa na timu. Hapo ndipo alipovutishwa kokteli, ambayo ni bangi iliyochanganywa na unga wa heroini. Aliniambia mwenyewe baadaye: "Baba, siku ile goti liliacha kuuma, na mimi nikaacha kujiuliza kesho nitacheza wapi." Nimekaa na sentensi hiyo miaka mingi. Sikuwahi kusikia mtu yeyote akiieleza kazi ya unga kwa ufupi kiasi hicho. Kutoka kuvuta alikwenda kwenye kujidunga, kwa sababu kete ni ghali na sindano haipotezi moshi.

Sasa waangalieni wanaosema michezo ni kinga. Diego Maradona alipungukiwa na mpira kiasi gani? Mwaka 1991, akiwa Napoli, alipimwa akakutwa na kokeini, akafungiwa miezi kumi na mitano. Mabondia wa nchi yetu waliokamatwa na heroini kisiwani Mauritius mwaka 2008 walikwenda kule kwa ajili ya ndondi, hawakutoka kijiweni. Mpira unachezwa saa moja na nusu. Siku ina saa nyingine ishirini na mbili na nusu, na hizo ndizo kijana anazokaa bila kazi, bila matibabu na bila mtu wa kumwuliza goti linaendeleaje. Tena mchezaji ana jambo moja linalomzidi kijana asiyecheza: yeye ameshazoea kushangiliwa. Siku kelele zile zinapokoma, kimya chake ni kikubwa kuliko kimya cha mtu mwingine.

Wenye vitambaa hawasemi haya. Bonanza ni rahisi, linahitaji jezi, mbuzi wa mshindi na mgeni rasmi. Mgeni rasmi husimama akasema vijana wakimbilie michezo, hupigiwa makofi, huondoka. Wale wanaovuta wapo palepale nyuma ya goli wakitazama, na hakuna anayewageukia, kwa maana hotuba haikuandikwa kwa ajili yao. Na yule ambaye alicheza kisha akavuta, yeye kitambaa kinamwita mwongo. Ndicho wanachotaka kukitundika juu ya jina la mwanangu.

Nije kwenye dawa, maana hapa ndipo ugomvi wangu mkubwa ulipo.

Mwezi Februari 2011 hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa watu waliotekwa na heroini. Mwaka 2012 ikafuata Mwananyamala. Dawa hii hunywewa kama shira, mara moja kwa siku, mbele ya mhudumu, bila malipo. Inazuia arosto, yale maumivu ya mifupa, kutapika na kutetemeka yanayompata mtu aliyekosa unga, inazuia kwa muda wa siku nzima, na wala haimpi stimu aliyoizoea. Mwanangu alipelekwa huko na watu wa asasi wanaowatembelea vijana maskani. Alikunywa kwa miezi mitano. Katika miezi hiyo mitano alinenepa, akanunua viatu vya mpira vya mtumba, akaanza kufundisha watoto wa mtaani pale alipokuwa anaishi kwa ndugu yetu mmoja. Alinipigia simu kuniambia matokeo ya watoto wale kana kwamba ni Kombe la Dunia.

Kisha ndugu yetu alichoka naye. Simlaumu sana, nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na jirani walikuwa wanasema, "Mmeweka teja ndani." Mwanangu akakosa pa kulala, akarudi Ifakara. Na dawa ile ni ya kila siku. Kutoka Ifakara mpaka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita mia nne. Nani anapanda basi au treni ya TAZARA kila alfajiri kwenda kunywa kikombe kimoja cha dawa?

Hapa naomba niseme neno la mwenyeji. Mji wetu huu si mji usiojulikana na madaktari wa dunia. Maabara ya Waswisi ilianzishwa hapa mwaka 1957, na ndiyo iliyokuja kuwa taasisi ya utafiti ya leo. Chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66 ilijaribiwa kwa watoto wa Idete, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1994. Vyandarua vya Zuia Mbu vilianza kuuzwa bondeni mwaka 1997, na mwanangu alilala ndani ya kimoja. Mbu wa Kilombero wamehesabiwa, wamepewa majina, wamefugwa katika mabanda ya nyavu. Ukimwi nao, ambao ulikuwa ukisemwa ni ugonjwa wa waliojitakia, dawa zake zinatolewa hapa hospitalini tangu katikati ya miaka ya 2000, na watu niliodhani nitawazika nakutana nao sokoni wakinunua perege. Kwa hiyo asije mtu akaniambia bonde hili liko mbali mno kufikiwa na dawa. Dawa ilifika kwa kila aliyeonekana kuwa mgonjwa. Mwanangu alionekana mhuni.

Ninajua watakaoniambia methadoni ni kubadilisha kilevi kimoja kwa kingine. Nilikuwa mmoja wao. Nilimwambia, "Mwanaume haachi unga kwa kunywa dawa nyingine, anaacha kwa kuamua." Mwenzangu mwalimu mstaafu anajidunga insulini kila siku, na sijawahi kumwambia aache sukari kwa kuamua.

Basi, kwa kuwa dawa haikuwepo, nilitumia niliyokuwa nayo, yaani kufuli. Nilimfungia chumba cha uani majuma saba. Mama yake alimpitishia uji dirishani. Siku za mwanzo alilia kwa sauti ambayo sitaieleza. Baadaye akatulia, akala, akacheka, tukamfungulia, na majirani wakanipongeza kwa ukakamavu wangu. Mwezi Agosti 2013 aliomba ruhusa aende Dar es Salaam kuchukua vitu vyake. Nilimpa nauli mkononi mwangu. Siku ya tatu tulipigiwa simu.

Kitu ambacho sikukijua, na ambacho muuguzi mmoja alinieleza msiba ulipokwisha, ni hiki. Mwili uliokaa majuma kadhaa bila heroini unasahau kipimo chake. Kiasi kilekile ambacho zamani kilimfanya asinzie tu, sasa kinamzimisha pumzi. Ndiyo maana wengi hufa mara watokapo jela, au watokapo katika vyumba vya uani vya baba zao. Methadoni humkinga mtu na hatari hiyo, kwa sababu haiuachi mwili ujisahau. Kufuli linauacha. Ninaandika haya ili mzazi mwingine aliye na kufuli mkononi ayasome kabla hajafunga.

Tulimzika hapa Ifakara. Ndugu wa Lupiro walivuka kwa kivuko, daraja la mto Kilombero lilikuwa bado halijaisha. Msemaji wa familia alisema marehemu aliugua ghafla. Mimi ndiye niliyemwambia aseme hivyo. Wachezaji wenzake walisimama nyuma wakiwa wamevaa jezi, wote walijua, na wote walisikia namna baba anavyomficha mwanawe kaburini kwake. Tangu siku ile nimesikia "aliugua ghafla" katika misiba mingine ya vijana, nikamtazama baba mwenzangu usoni, naye akatazama chini.

Mwezi Januari 2012, mwanangu akiwa bado hai, zilikamatwa Lindi kilo 210 za heroini. Unga huo unatoka Afghanistan, unavuka bahari kwa majahazi mpaka pwani yetu. Mzigo wa namna ile hauzuiliwi kwa mbuzi wa bonanza. Tangu wakati ule mambo kadhaa yamefanyika, nakiri: sheria mpya ya mwaka 2015, mamlaka mpya ya kupambana na dawa hizo, na kliniki za methadoni zimefunguliwa pia Mbeya, Mwanza, Dodoma na kwingineko. Nazishukuru. Lakini dawa ya kila siku inapaswa kuwa umbali wa kutembea kwa miguu au wa baiskeli, na ninaudai umbali huo kwa ajili ya vijana wa hapa.

Vijana wa kamati wanataka jibu kabla ya kupanga ratiba. Jibu langu ni kwamba bonanza lichezwe, na jina la mwanangu litumike, maana mpira aliupenda na haukumkosea. Maneno ya kitambaa yafutwe. Mkitaka kuandika kitu, andikeni kwamba alikufa kwa heroini akiwa na miaka ishirini na minne, nami nitasimama uwanjani niseme hivyohivyo kwa mdomo wangu. Fedha ya mbuzi iwekwe akiba kwa mchezaji atakayevunjika mguu katika mashindano hayo, apelekwe hospitali siku ileile. Na wale wanaokaa nyuma ya goli waiteni waje wakae nami kwenye kiti cha mgeni rasmi. Viti nitaleta kutoka nyumbani.